Mahali Mlio Unapoanzia: Uchaguzi wa Piki ya Gitaa

Piki ni kipande chembamba cha plastiki, pembe, mbao, madini au kitu kingine kigumu ambacho mpigaji wa gitaa hukishika kati ya dole gumba na kidole cha shahada ili kuzicharaza nyuzi, badala ya kuzigusa kwa nyama ya vidole au kwa kucha. Katika vifaa vyote vinavyoambatana na gitaa, hiki ndicho chenye bei ndogo zaidi, na pengine kwa sababu hiyo ndicho kinachofikiriwa mwisho: mwanafunzi hulinganisha magitaa kwa wiki nzima, akauliza habari za amplifaya na za aina za nyuzi, kisha akatoka dukani na piki yoyote aliyowekewa mkononi na muuzaji. Utaratibu huo una kasoro kubwa, kwa kuwa mlio hauanzii kwenye sanduku la gitaa wala kwenye vinasa sauti vya sumaku vilivyo chini ya nyuzi, bali huanzia pale ncha ya piki inapouvuta uzi na kuuachia, na kilichokosekana katika nukta hiyo hakirudishwi kikamilifu na chombo chochote kinachofuata.

Uzi uliokazwa ncha zake mbili, ukivutwa kando na kuachiwa, hautoi sauti moja tupu. Hutetemeka wote kwa pamoja na kutoa sauti kuu, na papo hapo hutetemeka kwa nusu zake, kwa theluthi zake, kwa robo zake na kuendelea, kila mgawanyo ukizaa sauti tanzu iliyo juu ya ile kuu. Na mchanganyiko wa sauti tanzu hizo ndio unaoliwezesha sikio kutofautisha mlio mkali na mlio mzito hata pale noti inapokuwa ileile. Ncha iliyochongoka huupinda uzi kwa kona kali kabla ya kuuachia, na kona hiyo huamsha sauti tanzu nyingi za juu, ilhali ncha ya mviringo, au nyama ya dole gumba, huupinda uzi kwa mkunjo mpana ambao hauzipi nafasi sauti tanzu zenye mawimbi mafupi kuliko upana wa mguso wenyewe. Ndiyo maana mpigaji anayetafuta mlio mpole hahitaji kubadili gitaa. Wapo wanaoigeuza tu piki na kupiga kwa bega lake la mviringo badala ya ncha, kama anavyojulikana kufanya Pat Metheny, mpigaji wa jazi wa Marekani.

Mahali pa kupigia napo pana uzito wake. Uzi ukipigwa karibu na daraja, yaani kile kipande kinachozishikilia nyuzi juu ya sanduku, mlio huwa mkali na mkavu, na ukipigwa karibu na shingo huwa mnene na laini, kwa sababu kila sauti tanzu ina vituo vyake vya utulivu juu ya uzi na haiwezi kuamshwa kwa mguso unaoangukia kwenye kituo hicho. Kwa hiyo, anayeiona piki yake kuwa kali kupita kiasi anafaa ausogeze mkono sentimita chache kuelekea shingoni kabla ya kutoa fedha ya kununua nyingine.

Jambo la tatu ni ugumu, ambao hutegemea unene pamoja na malighafi. Piki laini hukunjika inapokutana na uzi, ikasita kidogo, kisha ikafyatuka. Kukunjika huko huongeza juu ya noti mlio mfupi wa kuchapa, unaofanana na wa karatasi, na huchelewesha kidogo sana wakati ambao uzi unaachiwa. Piki ngumu haikunjiki, hivyo nguvu yote ya mkono huuendea uzi moja kwa moja, pamoja na kila kosa la mkono huo. Watengenezaji hupima unene kwa milimita, na kwa kawaida piki iliyo chini ya milimita 0.60 huitwa nyembamba, iliyo kati ya 0.60 na 0.80 huitwa ya wastani, na inayozidi hapo huhesabiwa kuwa nene, mpaka zile za milimita 1.5, 2 na zaidi. Tofauti ya sehemu hata moja ya kumi ya milimita huonekana ndogo machoni, lakini vidole huitambua mara moja.

Kuhusu malighafi, historia ya piki inaugusa mwambao wa Afrika Mashariki kwa karibu kuliko wapigaji wengi wanavyojua. Kwa miongo mingi piki iliyothaminiwa kuliko zote ilikuwa ile iliyokatwa kutoka katika magamba ya ng'amba, yule kasa mwenye mdomo kama wa kipanga anayeishi kwenye matumbawe ya bahari za joto, ikiwemo Bahari ya Hindi. Biashara ya magamba hayo ni ya zamani sana katika pwani hii: kitabu cha mabaharia cha karne ya kwanza baada ya Kristo, kilichoandikwa kwa Kigiriki na kinachojulikana kama Periplus ya Bahari ya Eritrea, kinayataja pamoja na pembe za ndovu na za vifaru miongoni mwa bidhaa zilizotoka Rhapta na bandari nyingine za Azania, kama pwani hii ilivyoitwa wakati huo, na kinayaweka katika daraja la pili kwa ubora baada ya yale ya India. Gamba la ng'amba limeundwa kwa keratini, ambayo ndiyo inayounda pia kucha na pembe za wanyama, na hapo ndipo inapopatikana siri ya sifa zake: ni gumu bila kuwa kavu, lina wepesi wa kurudi katika umbo lake, hupigwa msasa likawa nyororo kabisa, na huuachia uzi kwa namna inayokaribia ukucha wa binadamu.

Sifa hizo zilimgharimu ng'amba mno. Leo ameorodheshwa miongoni mwa viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, na biashara yake ya kimataifa imekatazwa chini ya mkataba wa kulinda viumbe pori uliotiwa saini Washington mwaka 1973, huku sheria za Tanzania na za Kenya zikiwalinda kasa wa baharini. Isemwe wazi, basi, kwamba piki ya ng'amba halisi haifai kutafutwa wala kununuliwa, hata inapouzwa kwa jina la kitu cha kale. Mpigaji hapotezi chochote kwa kuiacha, kwa kuwa takriban kila malighafi iliyokuja baadaye ilibuniwa au ilichaguliwa ili kuliiga gamba hilo.

Ya kwanza kati ya hizo ni seluloidi, plastiki inayotokana na pamba iliyotiwa asidi na kuchanganywa na kafuri. John Wesley Hyatt wa Marekani aliitengeneza karibu na mwaka 1870 alipokuwa akitafuta kitu cha kuchukua nafasi ya pembe za ndovu katika mipira ya biliadi, na ikumbukwe kwamba katika karne hiyo Zanzibar ilikuwa miongoni mwa masoko makuu ya pembe duniani, meli za Marekani zikifika Unguja kuzipakia. Plastiki iliyozaliwa kwa sababu ya kuadimika kwa bidhaa moja ya Afrika ndiyo iliyokuja kuchukua nafasi ya bidhaa nyingine ya bahari hizihizi. Mwaka 1922, mjini New York, Luigi D'Andrea alianza kukata piki za seluloidi kwa wingi, na umbo lake lililopewa nambari 351, la pembetatu yenye mabega ya mviringo na ncha moja, lenye urefu wa takriban milimita 30, limebaki kuwa ndilo watu wengi wanalolifikiria wanapolisikia neno piki. Seluloidi bado inapendwa kwa mlio wake wa joto, lakini hulika upesi, huteleza vidole vikilowa jasho, na hushika moto kwa urahisi mkubwa.

Nailoni, iliyotengenezwa na Wallace Carothers na wenzake katika kampuni ya DuPont mwaka 1935, ni laini zaidi na hustahimili kukunjwa mara nyingi bila kuvunjika, kwa hiyo inafaa sana kwa piki nyembamba, na kwa kuwa nayo huteleza, watengenezaji huichora vipele pale inaposhikwa. Asetali, plastiki ngumu yenye uso mkavu kama vumbi la chokaa, ndiyo iliyotumiwa na kampuni ya Dunlop mwaka 1981 katika piki zilizoitwa Tortex, jina linalomkumbusha kasa waziwazi. Piki hizo zilileta pia utaratibu wa kuutambua unene kwa rangi ambao wapigaji wengi wanaujua kwa moyo: nyekundu ni milimita 0.50, ya chungwa 0.60, ya njano 0.73, ya kijani 0.88, ya buluu 1.00 na ya zambarau 1.14. Katika miji ya joto na unyevunyevu kama Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura, ambako mkono wa mpigaji hulowa jasho kabla ya wimbo wa tatu, uso mkavu wa namna hiyo, au ule wenye vipele, una thamani kubwa kuliko tofauti yoyote ndogo ya mlio, maana piki inayozungukazunguka kati ya vidole humlazimisha mpigaji kuibana, na mkono uliobana hauchezi.

Baada ya kuyafahamu hayo, swali la msingi huwa ni kazi gani mkono utafanya. Katika bendi nyingi za muziki wa dansi wa Tanzania, Kenya na Kongo, magitaa hugawana kazi: la rithimu hushika mwendo kwa kordi, yaani sauti kadhaa zinazolia kwa pamoja, la solo hutoa noti mojamoja na kuuongoza wimbo, kati yake huweza kuwapo la pili, ambalo Wakongo huliita mi-solo, na la besi hubeba msingi. Anayepiga rithimu hupitisha mkono juu ya nyuzi nne, tano au sita kwa pigo moja, tena mamia ya mara katika wimbo mmoja, na piki nene ikitumiwa bila uangalifu hukwama katika kila uzi na kuufanya mwendo uwe mzito. Piki ya kati ya milimita 0.50 na 0.75 humrahisishia kazi hiyo, kwa kuwa hujikunja na kupita, na ule mchapo wake mfupi, ambao katika solo ungekuwa kero, huwa mithili ya kayamba inayosaidiana na ngoma.

Gitaa la solo lina madai yaliyo kinyume. Katika sebene, ile sehemu ya mwisho ya wimbo wa Kikongo ambapo uimbaji hupungua na magitaa kuchukua uwanja, mpigaji hurudia kijisehemu kifupi cha noti za juu kwa kasi kubwa, mlio wake ukiwa safi bila mkwaruzo, na kila noti ikitakiwa isikike imesimama peke yake mbele ya ngoma na besi. Hali hiyo imo pia katika benga ya Kenya, ambayo gitaa lake limerithi mwendo wa nyatiti, chombo cha nyuzi nane cha Waluo, kinachodonolewa kwa haraka na kwa mlio mkavu. Piki inayokunjika haiwezi kuwa sahihi katika kasi hiyo, kwa sababu kila pigo huisubiri irudi katika umbo lake. Kinachofaa hapa ni piki ngumu ya milimita 1 au zaidi, ikiwezekana ndogo na yenye ncha kali, mfano wa ile iitwayo Jazz III yenye unene wa milimita 1.38, kwa kuwa udogo wake huvileta vidole karibu na nyuzi na kuufupisha mwendo wa mkono. Asiyeizoea piki ya aina hiyo huiona ngumu na yenye kudai mno katika siku za kwanza, na kweli inadai: hufichua kila pigo lililozidi nguvu na kila noti iliyochelewa.

Kutokana na hilo hutokea hoja moja yenye mabishano. Walimu wengi humwanzisha mwanafunzi kwa piki nyembamba kabisa wakiamini kuwa ni rahisi, na ni kweli kwamba ni rahisi, lakini urahisi huo hupatikana kwa kuificha kazi ya kifundo cha mkono. Mwanafunzi huzoea kusukuma kwa nguvu kwa kuwa piki humsamehe, kisha anapohamia kwenye solo hulazimika kuusahaulisha mkono tabia iliyokwisha kukomaa. Piki ya wastani, ya milimita 0.73 kwa mfano, ni mwanzo bora zaidi: hupita kwenye kordi bila kukwama sana, na wakati huohuo hurudisha kwenye vidole taarifa ya kutosha juu ya uzito wa pigo.

Ukubwa wa sauti nao uliwahi kuamua unene. Django Reinhardt, mtu wa jamii ya Waroma (Wajipsi) aliyezaliwa Ubelgiji mwaka 1910 na kupata sifa Ufaransa, alipiga solo kwa gitaa la mbao lisilo na umeme katikati ya fidla na magitaa mengine, na wafuasi wa mtindo wake hadi leo hutumia piki nene sana, za milimita 3 na hata 5, zilizochongwa kingo mshazari ili ziteleze juu ya uzi ijapokuwa hazikunjiki kabisa. Brian May wa kundi la Queen, kundi ambalo mwimbaji wake Freddie Mercury alizaliwa Unguja mwaka 1946, yeye alikwenda mbali zaidi na kutumia sarafu ya zamani ya Uingereza ya peni sita. Madini hayakunjiki hata kidogo, na vile vijino vya ukingoni mwa sarafu huupa mwanzo wa noti mkwaruzo mdogo unaotambulika hata pasipo kumwona anayepiga.

Upo pia uchaguzi wa kutotumia piki, na katika eneo hili ni uchaguzi wenye heshima kubwa. Jean Bosco Mwenda wa Katanga, aliyeimba kwa Kiswahili na ambaye wimbo wake Masanga ulirekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey huko Jadotville, mji unaoitwa sasa Likasi, mwaka 1952, alipiga kwa dole gumba na kidole cha shahada, dole gumba likitembea kwenye nyuzi nene na kidole kikijibu kwenye zile nyembamba, hata gitaa moja likasikika kama mawili. Franco Luambo Makiadi, mpigaji mashuhuri wa Kongo, alizipiga nyuzi kwa vidole hivyohivyo viwili kwenye gitaa la umeme, akizibana mbili kwa wakati mmoja, jambo ambalo piki moja haiwezi kulifanya kwa nyuzi zisizopakana. Anayeuandama mtindo huo asijilazimishe kushika piki. Akihitaji ukali zaidi kwenye besi, ipo piki ya dole gumba, yenye umbo la pete inayovaliwa, ambayo huviacha huru vidole vingine.

Wapigaji waliokulia karibu na taarabu wanao mfano mwingine wa kujifunzia. Udi hupigwa kwa risha, neno la Kiarabu lenye maana ya unyoya, na jina hilo linahifadhi historia yake, kwani masimulizi ya Kiarabu humtaja Ziryab, mwanamuziki aliyetoka Baghdad na kufika Cordoba katika karne ya 9, kuwa ndiye aliyekiacha kijiti cha mbao na kutumia unyoya wa tai. Risha ni ndefu na nyembamba, hukumbatiwa na kiganja kizima, na huchezwa kwa kifundo cha mkono kilicholegea. Kwenye kanuni, chombo kingine cha nyuzi cha taarabu, mpigaji huvaa pete katika vidole vya shahada vya mikono yote miwili na kuchomeka humo vijiti vya kupigia. Mpigaji wa udi anayehamia kwenye gitaa hushangazwa na ufupi wa piki, lakini ulegevu wa kifundo alionao tayari ni mtaji ambao wenzake huutafuta kwa miaka.

Njia ya kuaminika ya kuchagua ni kuchukua piki tatu au nne za umbo moja na malighafi moja zenye unene tofauti, kuupiga wimbo uleule kwa kila moja, na kujirekodi kwa simu, kwa sababu sikio la anayepiga hudanganywa na hisia za vidole vyake. Unene ukishapatikana ndipo umbo na malighafi vijaribiwe, kimoja baada ya kingine, maana anayebadilisha vyote kwa pamoja hawezi kujua ni kipi kilichouleta mlio alioupenda. Katika majaribio hayo piki ishikwe kwa namna ileile, ncha ikijitokeza milimita chache tu nje ya vidole. Ikijitokeza sana, hata piki nene huanza kuyumba na kutoa mlio wa piki nyembamba.

Piki hulika, na nyuzi nene zilizozungushiwa waya huitafuna kama tupa. Ncha ikishabapaika mlio hufifia bila mpigaji kutambua, kwa kuwa mabadiliko huja polepole. Msasa laini huweza kuirejesha mara kadhaa kabla haijafaa kutupwa. Lakini kabla ya kutupwa ichunguzwe chini ya mwanga, kwa sababu hailiki sawasawa pande zote: ukingo mmoja huchongeka mshazari, na mshazari huo ndio pembe halisi ambayo kwayo mkono hukutana na uzi siku zote. Mpigaji anayekwenda dukani na piki yake kuukuu mfukoni, akatafuta mpya ambayo ukingo wake umekwisha kuchongwa mshazari wa namna hiyohiyo, atakuwa ameanza pale ambapo ile ya zamani ilihitaji miezi kufika.